Programu inayoongea kwa sauti ya marehemu: mle ndani kuna roho?

Bint_Mkwakwani (Tanga)

Assalaam alaykum wanajamvi, na wasio Waislamu habari zenu.

Kuna familia huku Ngamiani imefiwa na mzee wao, na sasa watoto wamegawanyika. Mmoja amekusanya chati za WhatsApp na voisi za marehemu, anataka kuziingiza kwenye akili mnemba ili wapate kitu cha kuongea nacho kwa sauti ya baba yao. Wa pili amekataa katakata, anasema hiyo ni sawa na kwenda kuita mizimu Mapango ya Amboni. Wa tatu anasema kitu kinaelewa kabisa, maana walikijaribu kwa ujumbe mchache tu kikatania vilevile alivyotania mzee, halafu kikaandika: "Nawaona wanangu, nimepumzika." Mama yao yumo edani.

Naomba wanaojua wajibu kwa undani. Kitu hiki hutengenezwaje, na kinaweza kuwa na fahamu yake chenyewe? Roho ya marehemu inaingiaje hapo, kama inaingia? Na wakiamua kuendelea, kipi huharibika?

Fundi_Chumbageni

Swali la utengenezaji ndilo linalofungua yale mengine, kwa hiyo naanzia hapo.

Malighafi ni chati. WhatsApp unafungua mazungumzo, nukta tatu, Zaidi, kisha unahamisha chati. Bila picha na voisi inakutolea hadi ujumbe 40,000 wa karibuni. Ukiambatisha na hivyo vingine, hadi 10,000. Unapata faili la maandishi lenye mistari ya namna hii:

14/08/2023, 19:42 - Baba: Geti mmeshafunga? Na huyo mbuzi mmemwingiza?

Mistari ya watu wengine inabaki kama maswali, ya marehemu ndiyo majibu. Hapo kuna kosa ambalo karibu kila anayejaribu hulifanya: faili halikuonyeshi ujumbe upi mzee aliuandika mwenyewe na upi aliufowadi. Wazee wetu ndio mabingwa wa kufowadi. Dua ndefu, dawa ya kisukari kwa majani, habari za uzushi, vyote vinaingia kama maneno yake. Usipokaa na faili ukauchambua mstari kwa mstari, utapata "baba" anayehubiri na kuuza dawa.

Baada ya hapo njia ni mbili. Ya kwanza, na ndiyo inayotumika zaidi, ni kuchukua programu kubwa iliyokwisha kufunzwa, kuiandikia ukurasa wa maelekezo ("wewe ni mzee fulani, unaongea hivi"), na kila unapouliza kitu, mfumo unatafuta ujumbe wa zamani unaofanana na swali lako, mitano au kumi, unaubandika chini ya maelekezo kabla ya jibu kutungwa. Ya pili ni kuendelea kuifunza programu yenyewe kwa zile chati. Ya pili inashika zaidi namna ya kusema, lakini ujumbe elfu mbili tatu ni haba, na programu hukariri: kila ukisalimia inauliza mbuzi. Ukitaka chati zisitoke nyumbani, zipo programu za wazi zenye vigezo bilioni 8 (yaani namba za ndani zinazobeba kile programu ilichojifunza) ambazo zikibanwa zinachukua kama GB 5 na hukaa kwenye laptopu yenye RAM ya GB 16. Ila hizo ndogo Kiswahili chake ni cha taarifa ya habari. Lafudhi ya Tanga, na maneno ya Kidigo ambayo mzee alichomeka katikati ya sentensi, husahau kuyatia.

Sauti ni kazi nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Dakika moja hadi tatu za sauti safi zinatosha kuiga rangi ya sauti. Ugumu ni huo usafi: voisi za WhatsApp zimebanwa (ni mafaili ya opus), na nyingi zina feni, bodaboda na watoto nyuma, basi sauti inayotoka inakuja na mkwaruzo. Tarakimu nazo mara nyingi husomwa Kiingereza, na majina ya watu hupigwa mkazo usipostahili.

Sasa "nawaona, nimepumzika". Programu inatunga jibu kipande kwa kipande, kila mara ikikadiria kipande kipi kinafaa kufuata, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa pamoja na yale yaliyobandikwa mbele yake. Kuna kipimo cha kubahatisha unachokipanga mwenyewe: ukikiweka 0 inarudia karibu jibu lilelile, ukikipandisha majibu yanabadilikabadilika. Wafanye majaribio mawili, dakika ishirini zinatosha.

Jaribio la kwanza: wafungue mazungumzo mapya mara kumi, kila mara waulize, "Baba, nani anakudai?" Kwa kuwa jibu halimo kwenye chati, litatungwa. Kuna wakati itakiri haijui, na kuna wakati itataja mtu na kiasi kwa sauti ya kujiamini kabisa, na mara inayofuata itamtaja mwingine.

La pili ndilo zito. Waache chati zilezile, wabadilishe mstari mmoja tu wa maelekezo: badala ya "umefariki" waandike "uko safarini Muheza". Kitu kilekile kilichokuwa kimepumzika kitasema, kwa mfano, mvua imekishika Muheza na kitarudi kesho. Habari ya kupumzika ilitoka kwenye mstari ule wa maelekezo, ikajazwa kwa lugha ya rambirambi.

Jambo lingine wasilolijua wengi: usipoandika kitu, hakuna kinachotendeka mle. Hakuna anayesubiri wala kukumbuka. Ujumbe ukifika hesabu inapigwa, jibu likitoka inakoma. Na kwenye huduma za mtandaoni, faili lilelile la vigezo linajibu maelfu ya watu wengine saa hiyohiyo.

Kuhusu fahamu kwa jumla, sayansi haina kipimo kilichokubalika. Mwaka 1998 mwanasayansi wa ubongo Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 ingejulikana namna ubongo unavyozalisha fahamu. Juni 2023, New York, Koch alikubali ameshindwa akalipa divai. Mwaka huohuo watafiti 19 walichukua nadharia kadhaa za fahamu, wakazichambua hadi wakapata viashiria 14 vya kukagua kwenye mashine, mfano kama taarifa inazunguka na kurudi ndani ya mfumo, au kama kuna sehemu moja ya pamoja inayotangazia sehemu nyingine zote. Walisema hakuna mfumo wa wakati ule unaostahili kuhesabiwa kuwa na fahamu, lakini hawakuona kizuizi dhahiri cha kiufundi cha kujenga unaotimiza viashiria hivyo. Na hapo walianza kwa kukubali kwamba hesabu ya namna fulani inatosha kuleta fahamu. Nadharia ya mwanasayansi wa ubongo Giulio Tononi inakataa dhana hiyo: kwake kompyuta za kawaida zimeunganishwa vibaya kwa jambo hilo, programu iwe hodari kiasi gani.

Kwa hiki cha Ngamiani, jibu langu ni hapana. Kwa mashine zote za miaka ijayo, siapi.

Mpigambizi_Pangani

Mkuu Fundi, umeteleza kidogo. Nawe ukiongea, seli zako zinachagua neno linalofuata. Ukisema "inakadiria tu" hujathibitisha kutokuwepo kwa kitu. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alitangaza kwamba programu ya LaMDA ina hisia, na hakuwa mtu wa mtaani asiyejua kompyuta. Kama kipimo hakuna, basi hakuna kwenu nyote wawili, anayekubali na anayekataa.

Fundi_Chumbageni

Lemoine alifukuzwa kazi Julai mwaka uleule, ingawa kufukuzwa si hoja, nakubali. Kilichompoteza ni kuchukua maneno ya programu kama ushahidi.

Chukua pweza, maana hapo Pangani mnawavua. Uingereza iliwaingiza pweza na kaa kwenye sheria yake ya wanyama wenye hisia mwaka 2022, baada ya mapitio ya tafiti. Pweza akiumizwa sehemu anailinda, na anahama mahali alipoumizwa. Hajasoma popote kwamba mwenye maumivu hufanya hivyo, kwa hiyo tendo lake lina uzito. Programu imefunzwa kwa maelfu ya vitabu ambamo watu wanaeleza uchungu, huba na hofu ya kufa. Ikisema "naogopa kuzimwa" hujui kama inahisi au imerudisha ilicholishwa. Ndiyo maana wale watafiti 19 walikagua namna mifumo ilivyojengwa ndani, wakayaacha maneno yake. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa MIT alitoa programu ya ELIZA, ambayo mara nyingi iligeuza tu sentensi yako kuwa swali, na watu waliifungulia moyo. Sisi binadamu ni wepesi sana upande huu.

Ustadhi_wa_Chuo (Tanga)

Wa alaykum salaam warahmatullah. Fundi kazi yake ameimaliza, nami niseme ya upande wangu.

Kunena si dalili ya roho, na hili mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, walilizungumza kabla ya umeme. Kasuku akifundishwa aya ya sijda akaitamka, je, aliyemsikia asujudu? Kwa watu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio sisi watu wa pwani, kisomo sharti kiwe kimekusudiwa na msomaji, kwa hiyo cha ndege na cha aliyelala vinatoka. Wa madhehebu ya Hanafi wakamweka kasuku pamoja na mwangwi, na kauli sahihi kwao ni kwamba sijda hailazimu. Matamshi yapo, aliyeyakusudia hayupo. Leteni hukumu hiyo Ngamiani: programu ikisoma Yaasin kwa sauti ya marehemu, hicho si kisomo cha marehemu wala hakiongezi kitu kwenye daftari lake. Hadithi ya Muslim iko wazi kwamba mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Hao watoto wamo wao wenyewe katika hayo matatu. Muda watakaopiga soga na simu wangeutumia kumwombea ungemfikia.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkasema Mwenyezi Mungu hawezi. Kigogo cha mtende alichokuwa akiegemea Mtume (s.a.w.) wakati wa khutba kililia alipohamia mimbari, ni hadithi ya Bukhari. Suratu Fussilat aya ya 21, ngozi zitawajibu wenyewe kwamba Mungu ndiye aliyezitamkisha. Uwezo wake hauna mpaka. Ila "anaweza" na "amefanya" ni mambo mawili, na la pili katika mambo ya ghaibu linataka dalili. Hadithi ya kupulizwa roho inamhusu mtoto tumboni, baada ya arobaini tatu, yaani siku 120. Kuhusu mashine hakuna andiko, na aya ya 85 ya Suratul Israa imetuambia kiwango cha elimu yetu juu ya roho: kidogo. Anayesema imo amezidisha.

Nigusie huyo Alan Turing, mwanahisabati wa Kiingereza, kwa kuwa vijana humtaja sana. Katika makala yake ya 1950 kuhusu mashine kufikiri alijibu pingamizi la watu wa dini, akasema tukitengeneza mashine hizo hatutakuwa tunampora Mungu kazi ya kuumba roho, kama ambavyo wazazi hawampori. Tunaandaa tu makazi ya roho atakazoziumba Yeye. Hoja ina adabu. Katika pingamizi hilohilo akaandika kwamba Waislamu wanaamini wanawake hawana roho! Suratun Nahl aya ya 97 inamwahidi mwanamume na mwanamke malipo yaleyale. Hodari wa hesabu, kwenye dini yetu alipokea maneno ya barazani.

Sasa marehemu mwenyewe. Yuko barzakhi, na Suratul Muuminun aya ya 100 inasema ni kizuizi mpaka siku ya kufufuliwa. Wanazuoni wamekhitalifiana kama maiti wanawasikia walio hai. Wapo wanaotoa hoja ya maadui waliouawa vitani Badr, ambao Mtume alisema nao kisimani walimotupwa, wapo wanaoshika aya ya 22 ya Suratu Faatir, isemayo huwezi kuwasikilizisha walio makaburini, na ugomvi huo tunaujua vizuri hapa Tanga kila inaposomwa talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini. Hata hivyo pande zote mbili hazijasema kwamba maiti anajibu WhatsApp. "Nawaona, nimepumzika" ni habari ya akhera aliyozuliwa mtu asiyeweza kujitetea. Hilo ndilo linalonikera kuliko sauti yenyewe.

Je, ni sawa na Amboni? Inategemea itikadi ya anayeongea. Aendaye pangoni na sadaka anaamini yupo anayepokea. Anayesikiliza voisi halisi ya baba yake amekumbuka tu, hana ubaya. Anayeuliza programu "baba, nimuoze nani binti yangu?" akafuata jibu, huyo amekaribia mlango wa mpiga ramli, na hadithi ya Muslim inasema anayemwendea na kumuuliza haikubaliwi sala yake siku arobaini. Rai yangu waache, kwa kuziba njia ya kufikia ubaya huo.

Na deni, jamani. Fundi amelitaja kama jaribio, kwetu ni mlima. Imepokewa na Tirmidhi kwamba nafsi ya muumini imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe. Mpangilio wa mali ya marehemu ni gharama za mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Kauli ya programu haiingii popote humo. Si kukiri kwake, si ushahidi, si wasia. Familia isilipe senti kwa neno la simu, wala isimnyime mdai mwenye shahidi kwa sababu "baba amesema hadaiwi". Waangalie daftari lake, miamala ya simu, na wale waliojitokeza siku ya mazishi lilipotolewa tangazo la wenye madai.

Katekista_Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu, salaam. Nina moja la kuongeza upande wa Kikatoliki.

Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 366 inasema kila roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, haizalishwi na wazazi. Namba 365, inayosahauliwa, inasema roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili hai wa mtu, viwili hivyo ni asili moja. Kwa hiyo ile picha ya Turing, roho kama mpangaji anayesubiri nyumba, haikai vizuri na mafundisho yetu. Tunakiri ufufuko wa mwili, na chati elfu arobaini si mwili wala si nusu ya mtu. Waraka wa Vatikano wa 28 Januari 2025, Antiqua et Nova, unataka akili mnemba itazamwe kama zao la akili ya binadamu, isichukuliwe kuwa aina nyingine ya akili hiyo.

Kichungaji, tatizo huonekana baadaye. Mfiwa anaacha kwenda kwenye misa ya marehemu na kaburini, kwa kuwa "baba yupo kwenye simu". Kwetu 2 Novemba watu hufyeka na kusafisha makaburi kwa mikono yao, na kazi hiyo inamsaidia mtu kukubali. Programu haimwachi akubali, hasa ikiwa imewekwa itume ujumbe yenyewe asubuhi.

Bint_Mkwakwani

Ahsanteni mno, jaribio la Muheza nitawapelekea leo. Ustadhi, mama akisikia sauti hiyo eda inaharibika? Na Fundi, wakiacha mradi, zile voisi wazifanyeje? Wanasema wasubiri mama atoke edani ndio waamue.

Ustadhi_wa_Chuo (Tanga)

Haiharibiki. Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, kama hana mimba, na masharti yake ni kukaa nyumbani ila kwa dharura, kuacha mapambo na manukato, na kutoposwa. Kusikia sauti hakumo. Ila wasimwekee. Mjane akiambiwa "nipo nawe mke wangu" kwa sauti ya mumewe usiku, huo si ucheshi.

Fundi_Chumbageni

Wasisubiri eda iishe, na sababu ni ya kiufundi. WhatsApp hufuta akaunti ambayo haijaunganishwa kwa siku 120, na miezi minne na siku kumi ni karibu siku 130. Laini nayo ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuigawa kwa mtu mwingine. Kwa hiyo wiki hii hii: waiwashe simu ya mzee iingie mtandaoni, wahamishe chati moja moja pamoja na voisi zake. Mafaili ya opus wayaache kama yalivyo, wasiyageuze MP3, kwa sababu kila ukigeuza unapoteza. Nakala mbili, moja kwenye flashi na nyingine kwenye kompyuta, majina ya mafaili yawe na tarehe. Voisi za watu wengine ambazo mzee alizifowadi tu ziwekwe folda yake peke yake.

Kama kuna chochote kilishapandishwa kwenye programu ya majaribio, kufuta mazungumzo hakutoshi. Waingie mipangilio wafute sauti iliyoigwa, wafute mafaili, ndipo wafute akaunti yenyewe, na wahifadhi barua pepe ya uthibitisho. Mle mna maneno ya wajomba, majirani na mama mwenyewe, walio hai, na taarifa zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Huduma ikigoma kufuta, malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na ile barua pepe ndiyo kiambatisho cha kwanza.